Betri ya Saba

Ninayo kanda moja ambayo haiuzwi katika duka lolote. Niliinasa mwaka 1986, nyumbani kwetu Gorong'a, kwa kinasa sauti cha kuazima kilichotumia betri za tochi, marehemu baba akiwa ameketi kwenye kigoda karibu na ghala, akipiga litungu. Msomaji asiyetoka upande wetu na ajue kwamba litungu la Wakurya lina nyuzi 8, na kwamba zile nyuzi nene hazilii juu kama za gitaa. Hunguruma chini, zikasikika kifuani zaidi kuliko masikioni. Baba alifariki mwaka 1991. Nyimbo 3 alizopiga jioni ile ndizo sauti yake pekee iliyobaki duniani, pamoja na kikohozi kimoja katikati ya wimbo wa pili, ambacho wajukuu zangu hukicheka, na mimi nakipenda kuliko nyimbo zenyewe.

Kanda hiyo huisikiliza kwa redio ya gari. Jambo hili laweza kumshangaza mtu wa mjini, lakini huku kwetu lilikuwa la kawaida kabisa. Mtu alinunua redio kaseti iliyotolewa katika gari bovu, akamwendea seremala amtengenezee sanduku la mbao, akafunga humo spika mbili, kisha akaiwasha kwa betri ya gari ya volti 12. Nyumba yenye sanduku la namna hiyo ilijulikana kijiji kizima. Betri ikichoka ilifungwa kwenye baiskeli ikapelekwa kuchajiwa kwenye mashine ya kusaga, na baadaye, tulipopata kipande cha sola juu ya bati, ilichajiwa papo hapo nyumbani. Tangu mwaka 1990 hadi 2018 nilitumia betri 6 kwa jinsi hiyo.

Mwaka 2018 nguzo za umeme zilifika mlangoni kwangu, kwa kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulioanza shughuli zake mwaka 2007. Nilifurahi kama mtoto. Nikasema, sasa betri basi. Nikanunua sokoni kikasha chepesi cha plastiki cha kubadili umeme wa volti 230 kuwa volti 12, nikakichomeka, nikaweka kanda ya baba. Redio ikavuma kama mzinga wa nyuki. Nikaongeza sauti, na nyuki nao wakaongezeka.

Fundi wa Tarime mjini alinieleza sababu, nami naieleza hapa kwa ufupi kwa kuwa ndiyo mzizi wa mambo yote yaliyofuata. Umeme wa nguzo huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Redio yataka umeme unaokwenda upande mmoja tu, kwa hiyo ndani ya kikasha mna daiodi 4 zinazoulazimisha uende upande huo. Lakini unatoka kwa mapigo, mapigo 100 kwa sekunde, na ni kazi ya kapasita kuyasawazisha, kama vile pipa linavyopokea maji ya ndoo moja moja na kuyatoa kwenye bomba bila kukatika. Pipa likiwa dogo, mapigo yanapita. Mapigo 100 kwa sekunde si kelele ya hovyo, ni noti. Tulipokuwa Chuo cha Ualimu Butimba tulifundishwa kuimba noti na kuzitambua kwa masikio, na ile naijua: iko jirani kabisa na G ya chini. Ni mahali pale pale zinapokaa nyuzi nene za litungu. Katika vidude vyote vya dunia, nilikuwa nimenunua kile kinachovuma juu ya kidole gumba cha baba yangu.

Nikajaribu njia nyingine. Vijana wengi siku hizi huendesha redio za gari kwa pawa saplai iliyotolewa katika kompyuta ya zamani. Unaunganisha waya wa kijani na mweusi ili iamke, kisha unachukua volti 12 kwenye waya wa njano. Ni rahisi, ina nguvu, na haivumi kama nyuki, kwa sababu yenyewe hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, juu ya uwezo wa masikio yetu. Ila inayo feni inayonguruma muda wote, na tena ukiiwasha, stesheni za mbali za masafa ya kati hufunikwa na mchakacho kama mvua juu ya bati. Mimi ni mtu wa redio. Kusikia kanda na kupoteza stesheni lilikuwa badiliko nisilolitaka.

Fundi akaniambia ukweli ambao sikuutarajia kutoka kwa mtu mwenye kuuza vifaa vya umeme: "Mwalimu, ukitaka sauti safi kuliko zote, rudi kwenye betri." Betri haina mapigo. Haijui nguzo wala feni. Umeme wake hutoka kama maji ya kisima yaliyotulia. Basi mwaka 2019, nyumba ikiwa na umeme ukutani, nikanunua betri ya saba, N70 mpya, nikaichaji mchana kwa sola na kuichomoa kwenye sola kila nilipotaka kusikiliza. Jioni ya kwanza nilizima taa, nikaweka kanda. Nilisikia kucha ya baba ikigusa uzi kabla uzi haujalia. Miaka 33 nilikuwa sijawahi kuisikia kucha ile. Mke wangu alinikuta nimekaa gizani, hakusema neno, akarudi jikoni.

Naeleza furaha hiyo kwa makusudi, ili msomaji asidhani kwamba nitakayoyasema yanatoka kwa mzee anayechukia starehe. Wapo wanaosema kwamba kutafuta sauti safi ni anasa ya watu walioshiba, na kwamba mwenye busara huridhika na redio inayosikika. Siafikiani nao. Mtu anayetaka kusikia vizuri sauti ya mzazi wake hafanyi anasa. Hata anayetaka kusikia vizuri taarabu au dansi la zamani, mradi amelipa kwa fedha yake, sioni kosa lake. Mashaka yangu ni kwamba mimi sikuwa nimelipa, ingawa nilidhani nimelipa.

Betri ile ilikufa mwaka jana. Kijana wa vyuma chakavu akapita na baiskeli yake, tukapatana shilingi 12,000, akaifunga nyuma akaenda. Baada ya nusu saa nikakumbuka kwamba nimeacha vibano vyangu vya waya kwenye vichwa vya betri. Vibano vile ni vya shaba, vya zamani, navyo si rahisi kuvipata. Nikachukua bakora nikamfuata.

Nilimkuta nyuma ya soko na wenzake wawili. Walikuwa na betri 4 au 5 chini. Moja walikuwa wameshaipasua kwa panga, na asidi yake ilikuwa imemwagwa kwenye mfereji unaoteremka bondeni. Majani ya kando yalikuwa yamebabuka kama yaliyounguzwa. Mbuzi wawili walikuwa hatua chache mbele ya hapo. Juu ya mafiga palikuwa na sufuria, sufuria hizi hizi za kupikia ugali, na ndani yake risasi iliyoyeyuka iking'aa kama fedha. Mtoto wa umri wa Darasa la Pili alikuwa akichochea moto. Nikauliza risasi inakwenda wapi. Wakaniambia wanaimwaga kwenye vifuu vya udongo, inakuwa vipande vya kuzamishia nyavu, wanawauzia wavuvi wa Musoma.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema yule aliyeninunulia, akidhani nimekuja kudai nyongeza. "Marahaba," nikajibu, nikakosa la kuongeza. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Nikajikuta nafanya hesabu ya Darasa la Tano: betri 6, kila moja yenye zaidi ya kilo 8 za risasi, zote zimetoka nyumbani kwangu juu ya baiskeli kama hii, zote nilizipokelea fedha, na hata mara moja sikuuliza zinakwenda wapi.

Nikamwambia mtoto aondoke kwenye moshi. Akaniangalia, akamwangalia kaka yake. Kaka yake akasema kwa adabu, "Mwalimu, sisi tunajua moshi ni mbaya. Lakini usiponiuzia wewe ataniuzia mwingine. Na mimi nisipoyeyusha, nitakula nini?"

Hapo ndipo shauri lilipokuwa gumu, wala halijawa jepesi hadi leo ninapoandika.

Lazima nirudi nyuma hadi mwaka 1973. Nilikuwa mwalimu mpya kabisa, na taifa lilikuwa katika kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni 2 walishiriki katika vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kitabu. Jioni tulikusanyika kuzunguka redio, tukasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, kisha tukajadiliana na kukata shauri la kutenda: kuchimba vyoo, kufukia madimbwi, kuchemsha maji. Mimi nilikuwa kiongozi wa kikundi. Redio yetu ilikula betri kubwa 4, na zilipochoka tulizianika juani juu ya jiwe zipate nguvu ya siku moja mbili zaidi, jambo ambalo kila mtu wa rika langu analikumbuka. Zilipokufa kabisa tulizitupa. Wapi? Katika choo kipya. Tulichimba shimo kwa sababu redio ilitufundisha kwamba uchafu wa mtu haupotei unapomtoka, bali huingia katika maji ya jirani. Na katika shimo hilo hilo tukatupa betri zilizotuwezesha kusikia fundisho, zenye zinki, na enzi zile hata zebaki kidogo. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa hakuna aliyeona kichekesho.

Je, tulikosa? Nimeliuliza swali hili mara nyingi. Nadhani asiyejua hana hatia ya aina ile ile na anayejua. Mwaka 1973 hakuna mtu aliyetueleza, wala kitabu cha kikundi hakikuwa na sura ya betri. Lakini kutojua kuko kwa namna mbili. Kuna kutojua kwa mtu ambaye hakuwa na mahali pa kuuliza, na kuna kutojua kwa mtu ambaye kuuliza kungemharibia jioni. Betri za choo cha 1973 naziweka katika fungu la kwanza. Betri zangu 6 siwezi kuziweka humo. Nilikuwa mwalimu mkuu. Nilifundisha sayansi kimu, nilijua asidi ni nini na risasi ni nini. Mwaka 2009, maji machafu ya mgodi yalipoingia Mto Tigithe kule Nyamongo, nilisimama na wenzangu kusema kwa sauti kuu kwamba haiwezekani mtu achukue dhahabu na kutuachia sumu. Dhahabu ya mwenzangu niliiona haraka sana. Litungu langu sikuliona.

Baada ya siku ile nilitafuta habari, na mjukuu akanisaidia kusoma kwenye simu yake mambo ya Owino Uhuru. Ni mtaa wa watu wapatao 3,000 mjini Mombasa, ambako kuanzia mwaka 2007 kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za gari zilizokufa. Mama mmoja aliyeajiriwa pale, Phyllis Omido, aliona mwanawe mchanga akiugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu ya mtoto, aliyoipata kwa maziwa ya mama yake. Alipigana hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Na mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto huingia kwenye ubongo, hupunguza uwezo wake wa kujifunza, na madhara yake hayarudi nyuma.

Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma mara mbili. Mimi miaka yangu yote ya kazi nimelipwa ili watoto wajifunze. Nimechapa watoto wasioshika hesabu, Mungu anisamehe, kwa kuwa ndivyo tulivyofanya.

Mke wangu hakubaliani na uzito ninaolipa jambo hili. "Mzee," aliniambia, "magari yote ya Tarime, pikipiki zote, minara ya simu, zote zina betri. Wewe na kikanda chako ndio mmeharibu dunia?" Hoja yake ni nzuri, na kwa muda ilinipa usingizi. Lakini nikiitazama vizuri naona ni hoja ile ile ya kijana wa baiskeli: usipofanya wewe atafanya mwingine. Hoja hiyo ni kweli kuhusu dunia. Kuhusu mimi haisemi lolote. Ningeikataa kwa mwanafunzi aliyeiba mahindi ya shule kwa kuwa wenzake nao waliiba, nikaipokea kwa ajili yangu?

Hoja ya kijana juu ya chakula ni nzito zaidi, nami sina jibu zuri. Risasi yenyewe haina ubaya wa kuyeyushwa upya. Karibu yote iliyomo ndani ya betri yaweza kurudi kuwa betri mpya, ikiyeyushwa mahali penye mabomba ya kunasa moshi na watu waliovaa vinavyostahili. Kumnyima betri yangu hakumpi kijana kazi nyingine. Kumpa ni kumpa sumu na sufuria. Nilichofanya siku ile hakikuwa suluhisho la kitu chochote: nilimrudishia shilingi 12,000 zake na nyingine 5,000 za usumbufu, nikainunua maiti ya betri yangu, naye akanirudishia nyumbani kwa baiskeli ile ile, akistaajabu njia nzima.

Ilibaki kuchagua cha kuendeshea redio. Mjukuu wa Mwanza alinishauri betri ya lithiamu, ile yenye chuma na fosfeti: nyepesi, haina risasi wala asidi, haina hata kobalti ile inayochimbwa Kolwezi, nayo hudumu kwa kuchajiwa zaidi ya mara 2,000. Bei yake ni mara kadhaa ya N70. Kwa umri wangu, betri hiyo ingenizika. Nikamuuliza fundi, na mwisho wake inapelekwa wapi? Akacheka, akasema, "Hiyo bado haijafa hata moja mikononi mwangu, Mwalimu." Nikaona kwamba nataka kununua tena kitu ambacho mwisho wake sitauona, safari hii kwa kuwa nitakuwa nimetangulia.

Nikachagua transfoma. Fundi alichukua transfoma nzito ya ampu iliyoungua, akafunga daiodi 4, kapasita kubwa mbili kama makopo ya maziwa, na kifaa cha kudhibiti volti kilichoegemezwa kwenye bati nene la alumini kwa sababu ya joto. Sanduku zima halibebeki kwa mkono mmoja. Siudanganyi moyo wangu kwamba umeme wa ukutani ni malaika. Sasa sehemu kubwa inatoka kwenye bwawa la Mwalimu Nyerere, lenye mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115, ambao wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024, na Mto Rufiji na misitu iliyokatwa kupisha maji ina maneno yake. Tofauti niionayo ni hii, nayo ni ndogo: bwawa lilijadiliwa hadharani, likapingwa na kutetewa, jina lake linajulikana, na kama kuna deni, lipo wa kudaiwa. Sufuria ya nyuma ya soko haikujadiliwa na mtu yeyote. Nami transfoma ikifa, ni shaba na chuma. Kijana wa baiskeli ataifumua kwa mkono bila kuwasha moto.

Sauti yake? Nitasema kweli. Si kama betri. Umeme ukishuka jioni, watu wote wanapopika na kuwasha taa, mvumo mdogo hurudi chini kabisa, na katika wimbo wa tatu, mahali baba anapoacha nyuzi zitulie, unausikia ukikaa mahali pake. Kucha siisikii tena. Mjukuu ameinakili kanda kwenye simu na anasema ndani ya visikizio kucha ipo, lakini simu haina kifua, na mimi kumsikiliza baba peke yangu huku masikio yangu yameziba sijakuzoea. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, tunakaa kimya sote tukingoja, na mara nyingine mke wangu huumalizia wimbo kwa mdomo, akikosea maneno.

Betri ya saba iko stoo, juu ya ubao, mbali na magunia ya mahindi. Nimeizungushia majivu ya jikoni, maana niliwafundisha Darasa la Sita kwamba majivu hupunguza ukali wa asidi, na wajukuu wamekatazwa kuigusa. Kila mgeni anayetoka Mwanza au Dar es Salaam humuuliza kama anamjua mtu atakayeichukua na kunionyesha inakokwenda. Wengi hudhani natafuta bei nzuri zaidi.